Herufi Moja Katika Damu Yetu



Shukrani zote ni za Allah (S.W.T.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. Vijana wenzangu, na nyinyi wazee wetu, nimeombwa niseme machache juu ya yale ninayosomea chuo kikuu, yaani elimu ya seli na jeni. Najua kuna atakayesema, "Mambo ya maabara yatuhusu nini sisi, tena mwezi huu wa Ramadhani?" Nawaomba subira kidogo. Yatuhusu, na hasa wale wanaoungoja mwezi wa Shawwal waoe au waolewe.

Tukumbuke madrasa. Nani kati yetu hakurudishwa nyuma kwa kuchanganya qaf na kaf? Ustadh akitwambia, qalb ni moyo, kalb ni mbwa. Herufi moja tu, maana imeharibika yote.

Basi na damu yetu ina herufi zake. Ndani ya seli mna DNA, mfano wa kitabu kirefu kilichoandikwa kwa herufi nne tu. Kila jeni ni maagizo ya kutengeneza kitu fulani mwilini. Jeni mojawapo huagiza hemoglobini, ile protini nyekundu inayobeba oksijeni. Katika ugonjwa wa selimundu, herufi moja ya jeni hiyo imebadilika. Hayo tu! Lakini hemoglobini yake ikiachia oksijeni hushikamana ikawa kama vijiti, na seli iliyokuwa ya mviringo hupinda kama mundu. Inakwama katika mishipa midogo, na mgonjwa hupatwa na maumivu makali ya mifupa. Seli nyekundu ya kawaida huishi siku 120 hivi. Hii huishi siku 10 hadi 20, ndiyo maana mgonjwa huishiwa damu.

Mtoto wa ami yangu ameumwa hivyo tangu mdogo. Wengine walisema ni jini. Wengine wakasema, "Ni damu ya kwao mamake." Mama huyo amelia sana jikoni peke yake. Alipokuwa na miaka 11, yule kijana alifunga kwa siri ili wenzake wasimcheke. Ilipofika alasiri akabebwa hospitali yu hoi, kwani ukosefu wa maji ni moja ya mambo yanayoamsha maumivu hayo. Hapo ndipo alipopimwa, na wazazi wakapimwa pia. Kumbe na ami mwenyewe anabeba jeni ile ile! Alinyamaza kimya.

Ndugu zangu, hili tulishike vizuri. Mtoto hurithi jeni mbili za hemoglobini, moja ya baba na moja ya mama. Mwenye jeni moja tu ya selimundu, anayeitwa AS, kwa kawaida ni mzima na huenda asijue maisha yake yote. Wakioana AS wawili, katika kila mimba kuna nafasi moja kati ya nne ya kupata mtoto mgonjwa, SS. Kwa hivyo kumlaumu mama peke yake ni dhuluma.

Wala si aibu ya ukoo. Mtafiti Anthony Allison, aliyekulia hapa Kenya, aliona kuwa wabebaji ni wengi pwani na kando ya Ziwa Victoria, na ni wachache nyanda za juu. Mwaka 1954 alichapisha utafiti kuwa jeni hiyo ikiwa moja humkinga mtu na malaria. Palipo na mbu wengi, jeni hiyo ilibaki.

Sasa utafiti umefika wapi? Mtoto akiwa tumboni hutumia hemoglobini ya aina nyingine, ambayo haipindi. Baada ya kuzaliwa, mwili huizima pole pole. Wanasayansi wakajiuliza, je, tukiiwasha tena? Mwaka 2012 Emmanuelle Charpentier na Jennifer Doudna walieleza namna ya kutumia CRISPR, mfano wa mkasi wa kukata DNA mahali maalumu, na mwaka 2020 wakapata tuzo ya Nobel. Mwishoni mwa 2023 Uingereza na Marekani ziliidhinisha tiba iitwayo Casgevy. Seli za uboho za mgonjwa hutolewa, mkasi ule huharibu swichi inayoizima hemoglobini ya utotoni, kisha seli hurudishwa mwilini. Lakini bei yake Marekani ilitangazwa kuwa dola milioni 2.2. Nani wetu ataiweza?

Tusikate tamaa lakini. Kuna vidonge vya haidroksiyurea, ambavyo pia huongeza hemoglobini hiyo ya utotoni. Watoto wa Kilifi walikuwa miongoni mwa waliojaribiwa katika utafiti uliochapishwa 2019, pamoja na watoto wa Uganda, Kongo na Angola. Maumivu yalipungua, na malaria na vifo pia. Vidonge hivi hutumiwa kwa kufuatwa na daktari, si vya kujinunulia tu.

Na kuna kipimo cha damu. Simwambii mtu avunje posa. Nasema mjue kabla ya nikaha, ili muamue kwa elimu, na mtoto akizaliwa apimwe mapema. Mahari tunajadili wiki nzima, je, kipimo cha asubuhi moja kitushinde?

Na ukimwona kijana mwenzako hafungi, usimcheke. Mgonjwa ana ruhusa yake kwa Mola wake, na daktari na sheikh wapo wa kuulizwa. Yule ndugu yangu siku hizi hafungi, ila magharibi ikifika ndiye anayetugawia tende.

Allah awaponye wagonjwa wetu na atutakabalie saumu zetu. Wabillahi tawfiq, wassalaamu alaykum.