Mraba Mmoja kwa Siku

(Maneno yaliyosemwa mbele ya vijana na wazazi wao baada ya swala ya Alasiri)

Leo sikuja na mada nzito. Nimekuja na uzi na sindano. Nawaona vijana wa huko nyuma washaanza kucheka, wanasema hayo ni mambo ya kina nyanya. Chekeni, lakini sikizeni mpaka mwisho, kisha mtahukumu.

Baina ya Alasiri na Magharibi kuna saa inayotupotea wengi wetu. Njaa yauma, kitabu hakisomeki, na simu ndiyo inayokula wakati. Mimi nasema hivi: chukua saa hiyo ufume mraba mmoja wa kroshia. Mmoja tu. Kesho mwengine. Mwezi ukimalizika una miraba 30. Kila mmoja ukiwa na sentimita 15, ukiipanga mitano kwa sita, hilo ni blanketi la mtoto mchanga, sentimita 75 kwa 90. Na mwezi ukiwa wa siku 29? Basi siku moja fuma miwili, usije ukashikwa.

Vifaa ni vichache. Sindano ya kroshia ni ile yenye kikulabu nchani, na neno lenyewe "kroshia" latokana na Kifaransa, maana yake ni hicho hicho kikulabu. Anayeanza achukue ya milimita 4 au 5. Uzi uwe wa sweta, wa unene wa wastani na wa rangi nyeupe au ya kung'ara, manake uzi mweusi huficha vitanzi na mgeni hataviona. Ongeza mkasi na sindano ya mkono yenye tundu kubwa. Basi.

Sasa kazi. Funga kitanzi, vuta uzi ndani ya kitanzi, vuta tena, mpaka upate mnyororo wa vitanzi 4. Unganisha mwanzo na mwisho upate pete. Panda kwa vitanzi 3. Hivyo huhesabiwa kuwa ni nguzo ya kwanza. Nguzo hufumwa hivi: zungusha uzi juu ya sindano, ingiza sindano ndani ya pete, vuta uzi nje. Una vitanzi vitatu. Pitisha uzi katika viwili, kisha katika viwili vilivyobaki. Hiyo ni nguzo. Nguzo tatu ni kundi moja. Fuma makundi 4 ndani ya pete, na baada ya kila kundi weka vitanzi 2 vya mnyororo. Nafasi hizo ndizo pembe zako nne.

Mzunguko wa pili, kila pembe ipate makundi mawili, na baina yao vitanzi 2. Kuanzia wa tatu, pembe ni vivyo hivyo, na kila nafasi ya ubavuni hupata kundi moja. Hisabu yake ni nyepesi: 4, kisha 8, kisha 12, kisha 16. Kila mzunguko waongeza makundi 4. Ukifika wa tano au wa sita, pima. Ikitimia sentimita 15, kata uzi, ubakishe mkia mrefu wa kuungia.

Mraba wako ukiwa duara, umesahau pembe. Ukijikunja kama bakuli, wavuta uzi kwa nguvu mno. Ukipiga mawimbi, umezidisha makundi. Dawa ya yote ni moja: fumua. Na hapa ndipo kroshia ilipo na huruma, kwa sababu kitanzi kilicho wazi ni kimoja tu. Wavuta uzi, wafumuka mpaka pale ulipokosea, waanza upya. Uzi haukupotea, wala sindano haikukasirika.

Lakini mbona miraba, si blanketi zima moja kwa moja? Jamani, tuseme ukweli. Ni mangapi tumeyaanza vijana kwa moto mkubwa, kisha tukayaacha njiani? Kozi, biashara, hata ahadi tulizowapa wazazi wetu. Blanketi zima lamtisha anayeanza. Mraba haumtishi. Waumaliza leo, wauweka kando, umekamilika. Mwenye kuzoea kumaliza kidogo kila siku hujifunza kumaliza. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba hakijai ikiwa haba ya leo hukuiweka.

Na ninyi wavulana mliocheka, nendeni ufukweni mkamwone mvuvi akitengeneza nyavu zake. Vidole vyake vyafanya nini? Vyafuma. Hakuna aliyemwambia hiyo ni kazi ya wanawake. Tena si haki dada yako ashinde jikoni na futari ilhali wewe umelala mkekani wamngoja muadhini.

Msidhani pia kuwa ni mchezo mtupu. Ireland ilipopatwa na njaa kubwa baada ya viazi kuoza kuanzia mwaka 1845, wanawake na watoto walifunzwa kroshia, wakauza vitambaa vyao na kupata chakula. Na Afrika Kusini, mwezi wa Desemba 2013, Zelda la Grange, aliyekuwa msaidizi wa Mzee Mandela, alimpa changamoto rafiki yake Carolyn Steyn: atengeneze mablanketi 67 ya kuwapa wahitaji, moja kwa kila mwaka ambao Mandela aliwatumikia watu. Peke yake aliona hawezi. Akawaomba wengine, nao wakaitikia kwa maelfu. Mwezi wa Aprili 2015 waliunganisha kazi zao mjini Pretoria, likawa blanketi kubwa kuliko yote ya kroshia duniani wakati huo. Baadhi yao walianza kama wewe, hawajui hata kushika sindano.

Sasa, blanketi lako litakwenda wapi? Wenzetu wa Limuru na Nyahururu wajua baridi ya Julai. Kuna mama atatoka hospitali na mtoto amefungwa leso moja. Ulizeni kwanza wauguzi kama wanapokea, lifueni vizuri, na mwambieni mama asimfunike mtoto uso wala asimwachie blanketi legelege akiwa amelala peke yake. Kama vijana watano watagawana, kila mmoja miraba 6, blanketi lapatikana kwa wiki moja.

Nami nina ombi la mwisho. Katika nyumba nyingi hapa makochi yamevikwa vitambaa vya kroshia. Muulize nyanya yako ni nani aliyevifuma. Huenda ni yeye, na hakuna mjukuu aliyewahi kumwuliza. Macho yake bado yaona leo. Mwambie, "Nyanya, nifunze." Hatakufunza sindano tu, mikono ikiwa kazini, mdomo nao husimulia, na utasikia habari za ukoo wenu ambazo hazikuandikwa popote. Akiondoka nazo, hakuna simu itakayokurudishia.

Basi leo kabla ya futari, mraba wa kwanza. Hata ukiwa upande, ni wako.

Ramadhan Karim. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.