Mahindi Yetu Yana Kwao: Cheti cha Uasilia na Bei ya Gunia

[Muziki wa kufungulia unashuka taratibu.]

  Leo nataka tuzungumze juu ya karatasi moja ambayo wengi wetu hatujawahi kuishika mkononi, lakini inagusa bei ya gunia lako.

Msimu uliopita mama yangu alivuna mahindi kilo 600, yakakauka vizuri. Akaja mnunuzi na lori, akasema anapeleka mzigo ng'ambo ya mpaka. Bei ya siku ile ilikuwa shilingi 900 kwa kilo. Yeye akatoa 750. Mama akauliza sababu. Akajibiwa: "Mama, kule mpakani wanatoza ushuru, na haya ni mahindi ya wakimbizi, hayana asili." Mama akakubali, maana karo ya wadogo zangu ilikuwa inadaiwa. Piga hesabu mwenyewe: shilingi 90,000 zilikwenda hivyo. Mimi nilikuwa nimekaa pale pale, nimemaliza sekondari, na sikuwa na neno la kumjibu yule bwana. Iliniuma. Ndiyo nikaanza kuuliza watu wanaojua.

Tuanze na jambo lenyewe. Tangu mwaka 2005 Kenya, Uganda na Tanzania zina Umoja wa Forodha chini ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Rwanda na Burundi ziliingia Jumuiya mwaka 2007, Sudan Kusini 2016, Congo 2022, Somalia 2024. Ukitazama foleni yetu ya posho hapa Nakivale, nchi za wengi wetu zimo. Ndugu zetu wa Ethiopia na Eritrea, samahani, zenu bado.

Katika umoja huo, bidhaa iliyotoka ndani ya nchi wanachama inavuka mpaka bila kulipa ushuru wa forodha. Bidhaa iliyotoka nje inalipa, na kwa chakula ushuru huo ni mkali. Mahindi kutoka nje yamewekewa asilimia 50. Maziwa, asilimia 60. Mchele, asilimia 75 au dola 345 kwa tani, wanachukua ile iliyo kubwa. Maana yake, mzigo wa mahindi wa shilingi milioni moja unaweza kudaiwa nusu milioni, au usidaiwe kitu. Kinachoamua ni swali moja: mahindi haya yametoka wapi?

Sasa, mama, baba, sikiliza hapa. Swali hilo linahusu mahindi. Halikuhusu wewe. Sheria inasema zao la shamba ni la nchi lilikolimwa na kuvunwa. Mnyama ni wa nchi alikozaliwa na kukulia. Kwa hiyo mahindi yaliyolimwa Juru, wilaya ya Isingiro, ni mahindi ya Uganda, hata kama aliyeshika jembe alizaliwa Masisi, Bujumbura au Mogadishu. Kadi yako ya ukimbizi haibadilishi asili ya punje. Yule bwana aliyemwambia mama kwamba mahindi yake "hayana asili" alikuwa anasema uongo, au yeye mwenyewe hakujua. Sitaki kumhukumu.

Mambo ni tofauti kwa kitu kilichonunuliwa. Chukua mchele wa Pakistan, ule unaouzwa dukani. Ukiununua kwa gunia kubwa Mbarara, ukaupepeta, ukaufunga kwenye mifuko ya kilo tano na kubandika jina lako, bado ni mchele wa Pakistan. Kupakia upya, kuchambua na kubandika lebo hakuzalishi asili mpya. Lakini ukichukua mahindi ya Tanzania yaliyopita Mutukula, ukayasaga Mbarara, ule unga unahesabiwa ni wa Jumuiya, kwa sababu malighafi ya nchi mwanachama mwenzako inahesabiwa kama yako. Vitu vya kutengenezwa kwa kuchanganya vina vipimo vyao. Kimoja kinachotumika sana ni kwamba malighafi kutoka nje ya Jumuiya isizidi asilimia 70 ya bei ya bidhaa inapotoka kiwandani. Mwenye kiwanda atakaa na hesabu hiyo. Sisi wa magunia turudi kwetu.

Karatasi yenyewe inaitwa cheti cha uasilia. Kwa mfanyabiashara mdogo kuna cheti rahisi, cha mzigo usiozidi dola 2,000, yaani kama shilingi milioni saba za Uganda. Kinatolewa na afisa wa forodha pale pale mpakani, kwa bidhaa zilizo kwenye orodha iliyokubaliwa. Hakiuzwi. Huhitaji wakala wa kukujazia. Shangazi yangu, miaka ile alipokuwa anafanya biashara ya dagaa, alikuwa analipa kijana mmoja mpakani kila safari "pesa ya fomu". Miaka miwili! Siku alipoingia mwenyewe ofisini akapewa fomu bure, na akaulizwa tu alinunua wapi. Kwa hiyo weka risiti, hata ile ya kuandikwa kwa mkono.

Lakini nisikudanganye. Cheti kinaondoa ushuru wa forodha. Hakifuti kodi nyingine, wala hakisemi kama chakula ni salama. Mnakumbuka Machi 2021, Kenya ilipozuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu? Asili yake ilijulikana, ila shida ilikuwa ukungu. Baada ya siku chache wakafungua kwa masharti: mzigo uwe na cheti kwamba sumukuvu haizidi kipimo, na ijulikane mahindi yametoka wapi. Ndiyo maana tunawaambia kila siku muanike kwenye turubai, msianike juu ya udongo.

Hata kampuni kubwa zinasumbuka. Hapa Mbarara kuna kiwanda cha Pearl Dairy, wenye maziwa ya Lato. Kenya ilikuwa na mashaka kama maziwa yote yanayotoka Uganda yanakamuliwa Uganda kweli, au mengine ni unga wa ng'ambo uliochanganywa na maji. Januari 2020 maofisa wa Kenya walikamata maziwa ya Lato, na serikali hizi mbili zikabishana. Machi 2023 Kenya ikasimamisha tena uingizaji wa maziwa ya unga, safari hii ikisema inalinda bei ya wafugaji wake. Sisi tunaoishi katikati ya ng'ombe wa Ankole tunaona wanavyokamuliwa kila asubuhi, ila mpakani macho yetu si ushahidi.

Neno jingine, na hili ni zito. Gunia lako likiwa na asili ya Uganda, wewe bado ni mkimbizi. Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inakuruhusu kufanya kazi na kutembea ndani ya Uganda. Kuvuka mpaka ni jambo tofauti, linahitaji hati ya kusafiria ya mkimbizi. Na kurudi kwenye nchi uliyoikimbia, hata kwa siku moja ya soko, kunaweza kuleta maswali juu ya hifadhi yako. Usifuate faida ya magunia matatu ukapoteza ulinzi wa familia nzima. Kabla ya kusafiri, waulize Ofisi ya Waziri Mkuu pale Base Camp. Wengi wetu ni afadhali tuuze Mbarara au hapa hapa, mwenye hati avuke. Ila tuuze tukijua.

Kwa sababu msimu huu yule mnunuzi amerudi. Akaanza wimbo wake wa ushuru. Mama akamuuliza: "Mzigo wako ukifika forodhani, si unachukua cheti cha uasilia? Mahindi si ya Isingiro haya? Ushuru gani unanikata?" Bwana akacheka, akamtazama, akanitazama mimi. Akaongeza shilingi 100 kwa kilo. Zile 50 zilizobaki anasema ni za mafuta ya lori, na barabara ni mbaya kweli. Hilo bado tunabishana naye.

Wiki ijayo tutakuwa na fundi wa mizani. Leteni maswali yenu kwa waandishi wetu sokoni.

[Muziki unapanda.]