Kuchagua Kidhibiti cha Kupimia Hali ya Ghala la Kahawa

(Maelezo yaliyotolewa kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi, Ibaba, Wilaya ya Ileje)



Nimeombwa niseme machache juu ya vifaa vya umeme vinavyopima na kuweka kumbukumbu, maana wauzaji wamekwisha kutuletea bei, na bei hizo hazifanani hata kidogo. Nitashika jambo moja tulijualo sote: kahawa iliyomenywa, ikaoshwa na kukaushwa, nayo sasa imo ghalani katika ngozi yake ikingoja kukobolewa.

Kahawa hiyo yapasa iingie ghalani ikiwa na unyevu wa asilimia 10 hadi 12. Lakini huku milimani ukungu nao huingia. Hewa ya ghala ikikaa majuma kadhaa na unyevu uzidio asilimia 65, kahawa hunyonya maji, hupoteza rangi, na mwisho huota kuvu. Siku ya kupangwa madaraja ndipo ubishi huanza. Mkulima husema alileta kahawa kavu, mtunza ghala husema aliipokea mbichi, na katibu hana karatasi ya kuwaamua. Malipo ya mwanachama hupungua, wala hakuna ajuaye kosa lilianzia wapi.

Kwa kazi hii vyatosha vihisi viwili vya joto na unyevu, pamoja na kidhibiti kimoja, yaani kisanduku kinachovisoma vihisi kila dakika 15 na kuandika. Hayo ni maandiko 96 kwa siku kwa kila kihisi. Hakuna mtunza ghala awezaye kazi hiyo usiku na mchana.

Kuna bodi za kujifunzia. Arduino ilianzia Ivrea, Italia, mwaka 2005, kwa ajili ya wanafunzi wasio mafundi. Raspberry Pi, iliyoanza kuuzwa mwaka 2012, ni kompyuta kamili iliyo ndogo. Bei yake ni nafuu, na kijana wetu aliyemaliza kidato cha nne, akiwa na subira, aweza kujifunza. Ila Arduino Uno haina saa ya kudumu: umeme ukikatika haijui tena ni saa ngapi, kwa hiyo inunuliwe na saa yenye betri yake. Raspberry Pi nayo huandika katika kadi ya kumbukumbu, na kadi hiyo yaweza kuharibika umeme ukizimika ghafula. Nanyi mwaujua umeme wetu.

Tena kuna vidhibiti vya kiwandani, jamii iliyoanzia Marekani mwaka 1968 kwa viwanda vya magari. Vilivyo vidogo, kama LOGO! ya Siemens, hupangwa kwa kuchora hatua za kazi katika kompyuta. Vikifungwa ndani ya sanduku lenye mfuniko, hustahimili mahali pa kazi. Bei ni kubwa zaidi. Vingine huandika katika kadi, vingine havina pa kuandikia. Ulizeni kabla ya kulipa.

Vihisi vingi vya kiwandani hutuma kipimo kwa mkondo wa miliampia 4 hadi 20. Kwa nini wasianzie sifuri? Kwa sababu kipimo cha chini kabisa ni 4, nayo sifuri yamaanisha waya umekatika, labda panya ameutafuna. Katibu ataielewa hekima hiyo mara moja: katika daftari, kuandika sifuri na kuacha nafasi wazi si jambo moja.

Shauri langu ni kuanza na bodi ya kujifunzia kwa msimu mmoja. Kwanza vihisi vyote viwili vitundikwe pamoja juma zima. Visipokubaliana, virudishwe dukani. Baadaye, tukijua tunachokihitaji, ndipo tununue cha kiwandani. Muuzaji aulizwe ni nani atakayekitengeneza, kama yuko Itumba, Vwawa, Tunduma au Mbeya, na programu pamoja na neno la siri vikabidhiwe chama. Kisanduku ambacho ufunguo wake umo mfukoni mwa muuzaji si mali yetu.

Tena kifaa hiki hupima hewa, hakipimi kahawa. Kipima unyevu cha mapokezi hakina budi kubaki mlangoni, na kila mfuko upimwe mbele ya mwenyewe, naye atie sahihi.

Sasa nitayapokea maswali.