Kufuta, Kusitisha, Kuahirisha: Mashindano Yaliyopotea ya Hoki ya Barafuni ya Wanawake

Katika lugha ya uendeshaji wa michezo, maneno kuahirisha, kusitisha na kufuta hutumika kana kwamba ni ndugu wa tumbo moja, ilhali kila moja linamwachia mchezaji hali tofauti kabisa. Mashindano yaliyoahirishwa yana tarehe inayoyasubiri, hata kama haijatajwa. Yaliyositishwa yamekatwa katikati na yanadai kumaliziwa. Lakini yaliyofutwa yameondolewa kama maandishi ya chaki ubaoni, na aliyeyatarajia hana cha kudai. Mhadhara huu unayachunguza maneno hayo kama yalivyowaangukia wanawake wa hoki ya barafuni kati ya 2020 na 2022, na hoja yake ni kwamba ugonjwa ndio uliofunga viwanja, ila si ugonjwa ulioamua mashindano ya nani yahangaikiwe mpaka dakika ya mwisho na ya nani yaachwe mapema.

Hoki ya barafuni ni mpira wa magongo unaochezwa ukumbini juu ya sakafu ya barafu, ambapo wachezaji sita wa kila upande, kipa akiwa miongoni mwao, huteleza kwa viatu vyenye makali ya chuma wakigombea kisahani cha mpira mgumu, chenye uzito wa takriban gramu 170, ambacho hugandishwa kabla ya mechi ili kiteleze badala ya kudunda. Mchezo huo husimamiwa na Shirikisho la Kimataifa la Hoki ya Barafuni, lenye makao yake Zürich, na ingawa mashindano ya dunia ya wanaume huhesabiwa tangu 1920, ya wanawake yalianza Ottawa mwaka 1990, nao wakaingia katika Michezo ya Olimpiki kwa mara ya kwanza huko Nagano mwaka 1998. Hadi 2022, mashindano ya dunia ya wanawake ya daraja la juu hayakuwa yakichezwa katika mwaka wa Olimpiki, kwa hiyo kalenda yao ilikuwa nyembamba hata kabla ya janga lolote kutokea.

Wembamba huo ndio kiini cha suala lenyewe. Mwanamume wa kiwango cha juu ana ligi inayomlipa, yenye mechi kadhaa kwa wiki kwa miezi mingi, na mashindano ya timu ya taifa humjia kama nyongeza juu ya kazi. Mwanamke wa Amerika Kaskazini katika kipindi hicho alikuwa katika hali nyingine kabisa: ligi ya wanawake ya Kanada ilifungwa Mei 2019 kwa kukosa fedha, na siku hizohizo wachezaji wapatao 200 wakatangaza kwamba hawatacheza katika ligi yoyote iliyobaki Amerika Kaskazini mpaka pawepo ligi yenye mazingira ya kazi inayostahili kuitwa kazi. Mashindano ya dunia kwa mchezaji wa namna hiyo hayakuwa pambo la msimu, bali ndiyo yaliyokuwa msimu wenyewe, na ndizo wiki mbili pekee ambazo watazamaji na wafadhili walimwona.

Kufutwa hakukuanza na UVIKO-19. Mwaka 2003 mashindano ya dunia ya wanawake yaliyokuwa yachezwe Beijing yalifutwa kwa sababu ya SARS, ugonjwa wa mapafu uliokuwa ukienea barani Asia, na hayakupangiwa tarehe nyingine. Miaka 17 baadaye, Machi 7, 2020, yalifutwa yale yaliyopangwa kufanyika Halifax na Truro, katika jimbo la Nova Scotia nchini Kanada, kuanzia Machi 31. Uamuzi huo haulaumiki, maana wiki mbili baadaye mashindano ya dunia ya wanaume yaliyotakiwa kufanyika Uswisi nayo yalifutwa, na ulimwengu mzima ulikuwa umejifungia ndani.

Mwaka uliofuata ndio unaostahili kutazamwa kwa makini zaidi. Miji ileile miwili ilipangiwa mashindano ya Mei 2021, lakini Aprili 21, zikiwa zimebaki saa chache timu zianze kuwasili kwa ajili ya karantini, serikali ya jimbo ilitangaza kwamba haitayapokea kwa sababu maambukizi yalikuwa yakipanda. Nova Scotia ilikuwa imejilinda kwa kubana mipaka yake, na haki ya viongozi wake kuwalinda wananchi wao haipingiki. Hata hivyo, siku tano baadaye mashindano ya dunia ya wavulana walio chini ya miaka 18 yalifunguliwa katika miji ya Frisco na Plano huko Texas, yakachezwa hadi fainali, na mwezi Mei wanaume wakakusanyika Riga. Mwanamke aliyekuwa amefunga mizigo yake, makali ya viatu yakiwa yamenolewa na kufunikwa, alibaki kuwatazama wenzake kwenye televisheni. Kilichokosekana kwa wanawake ni mpango wa pili, yaani ukumbi mbadala ulioandaliwa mapema endapo wa kwanza utafungwa, na mpango wa pili huandaliwa kwa jambo ambalo mwandaaji hakubali lipotee.

Wasichana walio chini ya miaka 18 walipatwa na makubwa zaidi. Mashindano yao ya 2021 hayakuchezwa, na ya 2022, yaliyopangwa kuanza Januari 8 katika miji ya Linköping na Mjölby nchini Uswidi, yalifutwa Desemba 24, 2021, pamoja na mashindano mengine yote ya Januari, kutokana na kirusi cha Omikroni. Siku mbili baadaye yale ya vijana wa kiume walio chini ya miaka 20 yalianza Edmonton na Red Deer kama yalivyopangwa, yakakatwa Desemba 29 baada ya wachezaji kuambukizwa, kisha yakachezwa upya Agosti. Mashindano ya wavulana yalijaribiwa yakashindikana, ya wasichana hayakujaribiwa. Ni kweli kwamba wasichana nao walipata mashindano yao Juni 2022, huko Madison na Middleton katika jimbo la Wisconsin, ambako Kanada iliishinda Marekani 3–2 katika fainali, na ni haki kulitaja hilo. Lakini tarehe hiyo ilipatikana baada ya wachezaji na makocha kulalamika hadharani, na waliolalamika hawakupaswa kubebeshwa kazi hiyo.

Wanawake wakubwa walicheza hatimaye Calgary, Agosti 2021, miezi 28 baada ya fainali ya mashindano yao yaliyotangulia, huko Espoo. Katika muda wa nyongeza wa fainali, matokeo yakiwa 2–2 dhidi ya Marekani, Marie-Philip Poulin wa Kanada alipiga kisahani kikagonga mwamba wa juu, kikaingia na kutoka upesi kiasi kwamba mchezo uliendelea, mpaka honi ilipolia baada ya picha kuthibitisha kuwa lilikuwa bao.

Mashindano hayo ya Calgary yameandikwa kuwa ya 20, kwa sababu ya 2003 na ya 2020 hayana namba. Kwa wasichana, yale ya Bratislava, yaliyomalizika Januari 2020, ni ya 13, na ya Wisconsin ni ya 14, namba zikifuatana kana kwamba katikati hapakupita kitu. Msichana aliyezaliwa 2003, ambaye hakuteuliwa kwenda Bratislava na aliyekuwa akiingoja zamu yake ya mwisho mwaka 2021, alikuwa ameshapita umri huo barafu ya Wisconsin ilipogandishwa.