SINEMA IMEPOTEA, MAJINA YASIPOTEE

(Maneno yaliyosemwa Goma, mbele ya wafanyakazi wa migodi na wenyeji wa mji)



Leo tunasema juu ya sinema. Msicheke, kwa maana ni habari ya mshahara na damu.

Mwaka 1914, huko Marekani, ilitengenezwa sinema bila sauti, jina lake The Jungle. Ilitoka katika kitabu cha Upton Sinclair cha mwaka 1906, juu ya wafanyakazi wa viwanda vya nyama vya Chicago: ujira mdogo, mgomo, njaa nyumbani. Leo haijulikani iliko nakala hata moja. Filamu za zamani zile ziliwaka upesi kama majani makavu, na zisipotunzwa zilioza. Lakini kitabu kipo, ndiyo maana habari yao tunaijua.

Na sisi je? Desemba 1941 wafanyakazi weusi wa Union Minière waligoma huko Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo. Vita ilikuwa imepandisha bei ya vitu, mshahara ukabaki nyuma. Tarehe 9 askari wakawapiga risasi katika uwanja wa mpira. Léonard Mpoyi, karani aliyewasemea wenzake, aliuawa. Walikufa makumi ya watu, na mpaka leo hesabu hazipatani. Jina la Mpoyi tunalitaja. Waliolala chini pamoja naye, nani kati yetu awezaye kuwataja?

Ndugu, leo vijana wetu wanapiga picha kwa simu. Shimo likiporomoka Masisi au Walikale, picha zinazunguka siku tatu. Kisha simu inaibiwa au inaharibika, na habari imekwisha. Hiyo ndiyo sinema yetu inayopotea.

Basi tuandike katika daftari: jina la marehemu, kijiji chake, shimo lake, tarehe, na nani aliyenunua mawe yake. Tufanye nakala tatu: moja kwa jamaa zake, moja kwa chama cha wachimbaji, moja mahali pa mbali. Mjane akienda kudai haki yake, asiambiwe kwamba mume wake hakuwahi kufanya kazi pale.

Mwenye kujua kusoma na amwandikie asiyejua. Tuanze na wale tuliowazika wenyewe.