Jina la Mtemi kwa Mtoto wa Kike



Unyamwezini pacha huitwa Kulwa na Doto, wawe wa kike au wa kiume. Hakuna karani anayeshangaa. Lakini babu akimpa mjukuu wake wa kike jina la Isike, karani huyo huyo huweka kalamu chini: "Mzee, huyu si msichana?" Hiyo ni kasumba. Mtemi Isike alijilipua kwa baruti Januari 1893 ili asikamatwe na Wajerumani. Je, ushujaa huo ni urithi wa wavulana peke yao? Na mwalimu anayembadilishia binti jina katika daftari la mahudhurio, ruhusa kapewa na nani? Babu alilitamka jina hilo mbele ya ukoo mzima.