Kabla ya kumshitaki jirani, tuangalie banda la kuku

(Maneno yaliyosemwa mbele ya memba kwenye mkutano wetu)



Kuku wa mkopo ndio mtaji wa kwanza wa jamaa nyingi zilizorudi hapa Fizi. Kuku wakipotea usiku, minervali ya watoto imepotea, na deni linabaki palepale. Lakini iko hasara kubwa zaidi. Mtu anaamka, anahesabu kuku, anakuta wamepungua, na neno la kwanza mdomoni ni "jirani". Aliyerudi anamsingizia aliyebaki, aliyebaki anamsingizia aliyerudi. Kesi inafika kwa shefu wa kijiji juu ya kuku aliyeliwa na kanu!

Tukumbuke: tulikimbia 1996, wengine 1998. Meli zilipoanza kuturudisha kutoka Kigoma mpaka Baraka mwaka 2005, viwanja vingi vilikuwa vimekwisha kuwa pori. Nyama wa pori walikuwa wamefanya makao mule. Sisi tumejenga karibu nao, tena tumewawekea chakula mlangoni.

Kwa hiyo tusome alama kwanza. Mwizi wa miguu miwili anafungua mlango, anachukua kuku mzima, haachi damu. Kanu, yule mwembamba wa madoadoa mwenye mkia wa pete, anapitia juu, kwenye nafasi ya paa. Anauma shingo, na mara nyingine anaua wengi, anakula kidogo, mizoga inabaki. Fungo anatembea chini. Mavi yake anayarundika pahali pamoja, na ndani mnaona mbegu za matunda. Nguchiro wengi wanakuja mchana, wanatafuta vifaranga na mayai. Yai wanalipiga kwenye jiwe, maganda yanabaki pale. Yai likipotea bila ganda, fikiri nyoka. Kifaranga akivutwa kwenye tundu, huyo ni panya.

Sasa tufanye nini? Kwanza usafi wa kiwanja. Fyeka majani kuzunguka nyumba, kata matawi yanayogusa paa, maana hilo ndilo daraja la kanu. Papai na ndizi zilizoiva zisioze chini. Mabaki ya chakula yafukiwe, unga na mahindi vikae kwenye chombo chenye kifuniko.

Pili, banda lenyewe. Liinuliwe juu ya miti, kimo cha kiuno hivi, na kila mti uvalishwe bati laini kuuzunguka, ili panya na kanu wateleze. Ziba kila tundu linalopitisha kidole, hasa pale ukuta unapokutana na paa. Turubai peke yake si ukuta. Panya analitafuna usiku mmoja. Dirisha liwe na wavu wa chuma. Mlango ufungwe kabla ya giza, kila siku, hata siku ya mvua, hata siku ya kilio. Kuku haoni vizuri usiku, hawezi kujitetea. Mayai yaokotwe kila jioni, na vifaranga wafunikwe na tenga.

Tatu, hapana sumu. Nasema tena: hapana! Dawa ya shamba ukiitia kwenye nyama au unga, anayeikuta kwanza anaweza kuwa mtoto, au mbwa anayekulindia banda. Na nyama aliyekufa kwa sumu, mtu akimpika, tutazika watu.

Nyama wa pori anayetembea mchana kama mlevi, asiyeogopa watu, usimshike. Anaweza kuwa na kichaa cha mbwa. Akikuuma, osha kidonda mara moja kwa maji mengi na sabuni, dakika 15, halafu kimbia hospitali kutafuta chanjo. Usingoje ugonjwa uonekane. Ukishaonekana, dawa ya kuuponya hakuna.

Wafadhili wetu, ombi langu kwenu ni hili: mkipunguza kuku wawili na kuweka wavu na bati mahali pao, mtakuwa mmetusaidia zaidi. Kuku bila banda ni chakula cha kanu.

Na sisi memba, napendekeza tukubaliane leo: mkopo wa kuku utoke baada ya banda kukaguliwa. Na kuku akipotea, wawili wetu waende kwanza kuangalia alama, pamoja na jirani huyo huyo. Shefu atafuata baadaye, kama itahitajika.